Jirani Aliyepimwa Maneno

Nyumbani,
3 Februari

Mwanangu Chiriku,

Kabla sijasema lolote, umekula? Najua barua itachelewa na swali litakuwa limepoa, lakini nimeuliza hivyo hivyo. Nijibu kuhusu siku utakayoisoma.

Sisi wazima. Baba yako yuko mezani kwake pale dirishani, lenzi jichoni, anaichokonoa saa ya mtu, na tangu asubuhi amesema maneno mawili: "chai", halafu "bado". Dada yako mzima. Mtoto wake ameota jino la kwanza na ameshalijaribu kwenye bega la kila mtu humu ndani. Mimi pia mzima. Narudia ili usidhani nimeandika kwa mazoea: mimi mzima kabisa.

Utasema kwa nini sikupiga simu. Simu mwanangu ni ya kusalimiana na kuulizana kama mvua imenyesha. Jambo lenye uzito linataka karatasi. Halafu nilijifunza kuandika nikiwa na watoto mgongoni, basi niache nifaidi.

Ulisema siku ile kwenye simu kwamba huko kituoni unakofanya kazi mnapima akili za watu kwa kuwauliza maneno. Nikasema aa, sawa, nikakuuliza kama una blanketi. Lakini neno lako lilinikaa. Kuna jirani yangu mmoja, humjui, alihamia baada ya wewe kuondoka. Ni fundi cherehani kama mimi, tena tuko karakana moja, tunashona sare za shule. Huyu jirani ana wasiwasi na kichwa chake.

Ilianza na mashine mpya. Ina kioo mbele, unabonyeza vipicha, yenyewe inashona. Alikuja binti mmoja, kufika mchana ameshaizoea anaiendesha huku anatafuna. Jirani ameonyeshwa, akaonyeshwa tena, vipicha vinamtazama naye anavitazama. Halafu wiki iliyopita alitafuta pini meza nzima, akainua vitambaa, akapiga magoti chini ya meza, kumbe pini anazo mdomoni kazibana. Karakana nzima ilicheka. Naye alicheka, pini zikamtoka zikatawanyika. Aliporudi nyumbani hakucheka.

Sasa mwenye karakana, tunamwita Bi Mkasi, anataka kumtoa jirani kwenye mashine ampe kazi ya kufundisha. Katikati ya mwaka wanakuja wanagenzi, wasichana wageni kabisa na sindano. Ni heshima, na mgongo utapumzika. Lakini jirani anaogopa. Mama yake mzazi uzeeni alipotewa na majina, akawaita watoto wake kwa majina ya watu wengine, mwisho akawa anasema "wewe mgeni". Kama bibi yako alivyokuwa, ndiyo maana mimi namuelewa sana huyu jirani. Anajiuliza: nikisimama mbele ya wasichana wale maneno yakinikimbia, nitaficha wapi uso? Mumewe hajamwambia.

Je, hicho kipimo chenu kinaweza kusema kama kichwa cha mtu kinaondoka au kipo? Jirani anasema si haraka. Nijibu haraka.

Mama yako


Nyumbani,
22 Februari

Mwanangu,

Hujajibu. Baba yako anasema posta ina miguu yake. Mimi nasema mtoto asiyejibu ni mgonjwa, au kalala njaa, au kaoa bila kutuambia. Kama ni la tatu, mlete tumuone, hatugombi.

Na kama swali la jirani limekuudhi, lifute. Achana na jirani. Nijibu tu habari ya blanketi.

Mama yako


Kituoni,
1 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekula, wali na maharage, na nimeshiba mpaka nimelegeza mkanda. Sijaoa. Blanketi ninalo. Nilikuwa safarini na wenzangu, tunazunguka miji midogo na karatasi zetu, nimerudi jana nikakuta barua zako mbili zimelala mlangoni, ile ya pili juu ya ile ya kwanza. Nikasoma ya kwanza kwanza, halafu nikaketi.

Mwambie baba saa aliyonitengenezea haijapoteza hata dakika. Mbusu mwenye jino.

Sasa habari ya jirani. Kazi yetu iko hivi: naketi mbele ya mtu mzima, namsomea neno, ananieleza maana yake, naandika. Tunaanza na maneno mepesi kama kikombe, tunapanda taratibu hadi maneno ambayo hata mimi nayasoma kwa adabu. Mtu akikosa mfululizo tunasimama, tunamshukuru. Sharti kubwa ni kwamba mpimaji hatakiwi kusaidia. Asitikise kichwa, asitabasamu, asikunje uso. Awe kama ukuta. Mama, wewe ndiye uliyenipa jina la ndege asiyefunga mdomo, kwa hiyo unaweza kuona ninavyoteseka.

Wakuu wetu wanasema akili za mtu tuzitazame kwa namna mbili. Kuna akili ya mbio, ya kudaka jambo geni upesi: mashine mpya, mchezo mpya, vipicha kwenye kioo. Hiyo ina nguvu ujanani, halafu inapunguza mwendo, kwa kila mtu, pole pole. Na kuna akili iliyoganda. Hiyo ni yale mtu aliyoyakusanya kwa kuishi, kufanya kazi na kuongea na watu. Fikiria maji ya chumvi juani: maji yanaondoka, chumvi inabaki, inashikana, unaweza kuishika mkononi. Hiyo haipungui haraka, kwa watu wengi inaongezeka hadi uzeeni. Mtu huwezi kumfungua kichwa uione, basi tunaichungulia kupitia maneno aliyonayo, maana neno haliingii kichwani peke yake, linaingia na kitu ulichokiishi.

Kwa hiyo jirani kushindwa na vipicha hakutuambii kwamba chumvi yake imemwagika. Nina swali moja kwake, naomba alijibu kwa utulivu: anasahau pini ziko wapi, au anasahau pini ni za nini?

Nisalimie jirani. Mwambie ana bahati ya kuwa na jirani kama wewe.

Mwanao,
Chiriku


Nyumbani,
14 Machi

Mwanangu Chiriku,

Afadhali. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Februari. Dada yako anakusalimu, na mtoto sasa ana meno mawili na hakuna bega lililo salama. Baba yako alipoambiwa habari ya saa alisema "najua".

Jirani nilimsomea barua yako yote. Tulipofika kwenye "akili iliyoganda" alinizuia. Akauliza kama kijana wangu amesomeshwa miaka yote ile ili aje kumwambia mwanamke mzima kwamba kichwa chake ni mafuta ya jana kwenye sufuria. Nikamwambia subiri, kuna chumvi mbele. Tulipofika kwenye chumvi akatulia. Akasema chumvi sawa, bila chumvi hata mboga haina jina.

Swali lako amelijibu bila kufikiri. Pini ni za nini anajua hata umwamshe usingizini. Anajua ya kichwa cha rangi ni ya kitambaa kizito na nyembamba ni ya hariri, na anajua kwa nini sisi mafundi tunazibana midomoni tukimpima mteja. Sababu ya kwanza mikono ina kazi. Ya pili ni kwamba mteja akivua koti ukaona mwaka huu amenenepa, mdomo uwe umefungwa na chuma.

Lakini bado hajatulia. Anasema kujua pini si hoja, mama yake pia alijua kusuka nywele hadi siku ya mwisho, ila hakujua anamsuka nani. Jirani ametaja hilo mara moja tu, halafu akaamka kwenda kuchota maji na ndoo ilikuwa imejaa.

Anataka kupimwa. Ameniambia niandike hivyo: anataka kupimwa kama wengine, kwa maneno, apewe jibu lake, liwe zuri liwe baya. Huko kwenu hawezi kuja. Je, karatasi inaweza kuja huku? Wa kumsomea yupo, mumewe anajua kusoma. Ni mtu asiye na maneno mengi, kama baba yako, kwa hiyo ile habari ya kuwa kama ukuta haitamsumbua.

Bi Mkasi amemuuliza tena kama amekubali. Jirani amesema jino linamuuma, atajibu likipoa. Jino halimuumi. Ameazima jino la mjukuu, maana ndilo linalozungumzwa.

Mama yako


Kituoni,
2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimekula mikate na yai. Nashukuru kwa habari za meno, yote, ya mjukuu na ya jirani.

Ndani ya bahasha kuna karatasi. Zile tunazotumia sasa haziruhusiwi kutoka ofisini, maana maneno yakizagaa mitaani kipimo kinaharibika. Hii ni ya zamani, tuliiacha mwaka juzi, mkuu amekubali nikutumie. Ina sehemu mbili. Ya kwanza ni maneno. Ya pili ni kunakili alama ndogo ndogo kwa haraka huku mtu anaangalia saa, hiyo inatazama ile akili ya mbio. Msomaji aketi mbele ya jirani, asome neno, asisaidie, na aandike kila kitakachosemwa kama kilivyosemwa, bila kupunguza wala kupamba.

Ninalotaka jirani alielewe kabla hajaanza ni hili. Hii si hospitali. Karatasi inaweza kusema leo kuna nini, haiwezi kusema miaka ijayo kutakuwa na nini, wala haiwezi kumwambia kama atafuata njia ya mama yake. Nikisema inaweza nitakuwa namdanganya. Kama wasiwasi unamnyima usingizi, aende pia zahanati, aseme yote, asiazime jino.

Kwangu hakuna jipya. Nimehamishiwa kazi ya ndani, nahesabu karatasi. Ofisi ina feni.

Mwanao,
Chiriku


Nyumbani,
25 Aprili

Mwanangu,

Umekula, najua, umeandika. Lakini barua yako ilikuwa fupi mwishoni, na wewe hukuzaliwa mfupi wa maneno. "Kazi ya ndani." Kijana aliyetoka hapa akifurahi kwamba atalipwa kwa kuongea na watu, leo ananiandikia habari ya feni. Mimi sikusoma sana, lakini mtu akiniletea nguo iliyorekebishwa naona palipofumuliwa. Wamekutoa mbele ya watu, si ndiyo? Na wamekutoa kwa sababu ya uso wako. Mtu akipatia, unang'aa. Akikosea, unaumia naye. Hukuanza leo. Ulipokuwa mdogo mkicheza kujificha, dada yako hakuwa anawatafuta wenzako, alikuwa anakutazama wewe macho yanaenda wapi.

Usione aibu. Fanya kama sisi. Bana pini mdomoni. Sio pini za kweli, utajichoma, pini za kufikiri. Mtu akianza kujibu, jiambie nina pini sita hapa, nikitabasamu zinamwagika. Mimi nimewapima watu na siri zao zote miaka hii yote, na hakuna hata mmoja aliyejua nilichokiona. Jaribu, halafu mwombe mkuu wako akurudishe. Mwombe, usisubiri akumbuke.

Sasa jirani. Alipimwa Jumapili, watoto wakiwa nje. Mumewe ilibidi aambiwe, maana ndiye msomaji. Jirani alijiandaa kumweleza kirefu. Mume akasikiliza nusu, akasema, "Nilijua kuna kitu, umeacha kuimba ukiosha vyombo," akavaa miwani, akachonga penseli. Ndiyo hivyo tu. Jirani alikuwa ameficha jambo hilo tangu mwaka mpya.

Nasikia ilikuwa kazi. Mume alifuata masharti kama anatengeneza saa. Jirani akimuuliza "nimepatia?" yeye kimya, anaandika. Akimwambia "basi nipe hata herufi moja" kimya, anaandika. Kuna chai ilimwagika kwenye karatasi, utaona doa, usimhesabie jirani, si yeye aliyemwaga. Usishangae mwandiko pia. Umefanana na wa baba yako kwa sababu mume wa jirani naye ni fundi saa, na mafundi saa wote wanaandika kama wadudu.

Zile alama za haraka zimemshinda kidogo. Alikuwa anatazama saa kuliko alama. Na kuna neno moja, karibu na mwisho, hakulijibu. Hakulikosa, hakulijibu tu. Alisema liachwe.

Zahanati amekwenda. Muuguzi alimuuliza mambo mengi, akampima na presha, akasema haoni la kutisha, alale vya kutosha na arudi baada ya miezi kadhaa. Jirani alimwambia yote. Jino hakulitaja.

Bi Mkasi anataka jibu mwisho wa Mei. Basi na wewe fanya upesi.

Mama yako


Kituoni,
20 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekula, na nimekula nikiwa na furaha, maana nimerudi mezani mbele ya watu. Uliona palipofumuliwa, sitabisha. Kuna mzee mmoja alikuwa ananijibu huku ananitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani, na mkuu alikuwa nyuma yetu. Baada ya barua yako nilimwomba anijaribu tena. Nikabana pini. Mama, zimeniokoa. Kuna bibi alieleza neno "kuchumbia" kwa kisa cha wachumba wake wanne, wenzangu walitoka nje kwenda kucheka, mimi sikumwaga hata pini moja. Mkuu ameuliza nimejifunza wapi. Nimesema kwenye karakana.

Sasa jirani.

Karatasi yake sikuihesabu mimi. Niliona si vizuri, unajua, kumhesabia jirani wa mama yangu, moyo unaweza kusukuma kalamu. Nilimpa mama mmoja hapa ambaye kazi yake ni kuhesabu na hamwonei mtu huruma. Alifunga mlango, akahesabu.

Kwanza niseme, mume wa jirani ni mwaminifu kupita kiasi. Aliambiwa aandike kila kitakachosemwa, akaandika kila kilichosemwa, mpaka yale aliyoambiwa yeye mwenyewe. Sitayarudia, kuna mengine ni ya ndani ya nyumba. Nimefurahi tu kuona kwamba jirani naye ana mtoto anayeitwa Chiriku. Nilidhani tupo wachache.

Alama ndogo ndogo: jirani ni wa polepole, kama walivyo wengi wa umri wake. Maneno: yuko vizuri, juu kidogo ya katikati. Nakuambia kama ilivyo, sikuongeza kijiko. Chumvi ipo, haijamwagika. Lakini yule mama wa kuhesabu alinijia na karatasi mkononi akasema huyu mtu angekuwa juu zaidi, tatizo lake haelezi maana, anatoa mifano. Kwetu maana ni alama nzima, mfano ni nusu. Jirani amejizolea nusu kurasa zote. Nilikaa nikasoma alichoandika mumewe. Nakunukulia machache, maana nadhani jirani mwenyewe hajui alichokifanya.

Kuazima. "Ameniomba penseli. Ameitumia. Amerudisha. Anasema angebaki nayo lingekuwa neno jingine."

Ukarimu. "Amenimiminia chai yote. Kikombe chake kina nusu."

Kejeli. "Nimemwaga chai kwenye karatasi. Anasema: hongera sana, mume wangu, mikono ya fundi saa."

Kusita. "Ameinuka. Ameshika kitasa cha mlango. Amekiachia. Amekishika. Amerudi kukaa. Anasema: ndiyo hivyo."

Mama, nilimsomea hilo la mwisho yule mama wa kuhesabu. Aliandika nusu, maana sheria ni sheria. Halafu akasema, "Lakini sasa nimelielewa vizuri zaidi." Na mimi pia. Nimesoma maana ya kusita kwenye kamusi na ningeweza kukuandikia mstari mzuri wa alama nzima, lakini msichana ambaye hajawahi kushika sindano hatasaidiwa na mstari wangu. Atasaidiwa na mtu anayeinuka na kushika kitasa.

Kwa hiyo jibu langu kwa jirani ni hili. Kipimo chetu kinasema maneno anayo. Kesho hakijui. Kuhusu kufundisha hatuna kipimo, ila nimeshika mkononi kurasa za mtu ambaye kila alipoulizwa neno alimfundisha mumewe, na mumewe hakuwa anataka kujifunza.

Lile neno aliloliacha nimeliona. Kuthubutu. Mumewe ameandika: "Anasema liachwe. Anatazama dirishani." Mwambie nafasi yake nimeiacha wazi. Karatasi ni ya zamani, haina mwisho wa kurudisha.

Mwanao,
Chiriku


Nyumbani,
18 Juni

Mwanangu Chiriku,

Umekula? Mimi nimekula nimesimama, maana sina muda, utaona kwa nini.

Wote wazima. Mtoto anatambaa, amefika chini ya meza ya baba yako na ameonja skrubu, imetolewa. Baba yako anakusalimu. Anasema hajutii kuandika kila neno, masharti yalikuwa masharti. Sijui kwa nini anasema hivyo, mimi nilikuwa nazungumzia mume wa jirani. Na habari ya mtoto wa jirani kuitwa Chiriku, ni jina la kawaida tu, wapo wengi, usilitie maanani.

Barua yako jirani ameisoma mwenyewe, safari hii sikumsomea. Aliisoma mara kadhaa. Pale kwenye "juu kidogo ya katikati" aliniuliza kama ni pazuri, nikamwambia ni pazuri, hapana upepo. Nilidhani atalalamika kuhusu zile nusu. Hakulalamika. Aliikunja barua akaenda kuosha vyombo, na nasikia aliimba.

Bi Mkasi alipita mwisho wa Mei akauliza habari ya jino. Jirani akasema limeng'oka lenyewe, na ndiyo, atafundisha.

Wasichana wameingia wiki hii. Jirani hakulala usiku wake, alikuwa amepanga hotuba: karibuni, huu ni uzi, hii ni sindano, hapa ni mahali pa kazi na heshima, mambo kama hayo. Asubuhi wakajipanga mbele yake, wamevaa aproni mpya zimekakamaa, macho yote kwake. Hotuba ikaondoka. Yote, mwanangu, kama mtu amefungua mlango wa banda la kuku. Kilichomtisha tangu Januari ndicho kilichotokea, tena siku ya kwanza, mbele ya Bi Mkasi amesimama na funguo zake.

Kwa mazoea mkono wake ukaenda kwenye pini, akazibana mdomoni. Basi hata kama angekuwa na neno lisingepita. Akavuta kitambaa, akakunja upindo, akapiga pini, akakunja, akapiga pini. Wasichana wakasogea. Mmoja akachukua kitambaa akaiga, wenzake nao. Chumba kimya, vitambaa tu vinasugua meza. Jirani akapita kwa kila mmoja, hapa akavuta, hapa akalegeza. Angeweza kumaliza siku nzima hivyo, na hakuna ambaye angejua kwamba nyuma ya zile pini kulikuwa kweupe.

Halafu yule msichana wa kwanza akainua mkunjo wake akauliza, "Mama, hiki kinaitwaje?"

Aliniita mama, nami sikumjua hata jina. Wote wakageuka. Nikatoa pini mdomoni, moja moja, nikazichomeka kwenye kijimto, nikasema, "Huo ni upindo. Ndio unaoifanya nguo iwe imemalizika." Na neno hilo likavuta neno jingine, na hilo nalo likavuta jingine, mpaka Bi Mkasi akaja kusema saa ya chakula imepita na wasichana wana njaa.

Msichana mmoja nimemwita kwa jina la mwenzake, mara mbili. Nimeogopa kidogo, yeye amecheka, akasema nyumbani kwao mama yake huanza na jina la mbuzi. Yule binti wa mashine ya kioo tumepatana: yeye ananionyesha vipicha viwili kwa siku, mimi namwonyesha kushona tundu la kifungo kwa mkono. Mpaka sasa vipicha vinne vimekubali. Kesho sijui. Ulisema hata ninyi hamjui, basi tuko sawa.

Nimesoma tena nilichoandika, naona katikati hapo nimechanganya. Sifuti, karatasi ni ghali na wino umekauka. Baba yako aliposoma amesema, "Bora," akarudi kwenye saa.

Sasa lile neno lililoachwa. Mwambie yule mama wa kuhesabu jirani amejibu. Kuthubutu ni kutoa pini mdomoni watu wakiwa wanakutazama. Najua huo ni mfano, si maana. Aandike nusu, inatosha.

Njoo likizo. Jirani atakupikia.

Mama yako,
na jirani, ambaye ameazima kalamu yangu hii na hataki kuirudisha